Jengo Ndani ya Kalibu: Jinsi Plasta Ilivyoihifadhi Kazi ya Gaudí

Mfano mdogo wa jengo ni miongoni mwa zana za kale kabisa za usanifu majengo, lakini watu wengi huuona kama pambo la kuwekwa ndani ya kabati la kioo baada ya mradi kukamilika, au kama kivutio cha kumshawishi mteja atoe fedha kabla ya msingi kuchimbwa. Mtazamo huo unaupunguzia mfano uzito wake. Mfano uliotengenezwa kwa ustadi, hasa ule uliotokana na kalibu na kumiminwa kwa plasta, ni hati ya jengo: unabeba vipimo, unabeba mpangilio wa sehemu zake na, zaidi ya yote, unabeba kanuni iliyolizaa umbo lenyewe, kiasi kwamba hata ukivunjwa vipande vipande mtaalamu mwenye subira anaweza kuisoma kanuni hiyo katika kipande kilichosalia. Ushahidi mkubwa wa jambo hili uko Barcelona, nchini Hispania, katika basilika ya Sagrada Família, ambako vizazi kadhaa vya wajenzi vimeendeleza kazi ya msanifu aliyefariki mwaka 1926 kwa kutegemea, kwa kiasi kikubwa, vipande vya plasta vilivyookotwa kwenye vifusi.

Ili kuuelewa ushahidi huo, inafaa kwanza kueleza istilahi mbili zinazoibeba kazi yote. Kalibu ni chombo chenye uwazi ulio kinyume cha umbo linalokusudiwa, hivyo kwamba mahali palipoinuka kwenye umbo pamebonyea kwenye kalibu, na kitu cha majimaji kinachomiminwa humo kikiganda hutoka na sura kamili ya umbo lile. Skeli, kwa upande wake, ni uwiano kati ya mfano na jengo halisi: kwa skeli ya 1:100 mita 100 za jengo huwa mita 1 ya mfano, na kwa skeli ya 1:10 dirisha lenye kimo cha mita 5 huwa na kimo cha sentimita 50. Kadiri skeli inavyokuwa kubwa ndivyo mfano unavyoweza kuonyesha mambo madogo zaidi, lakini ndivyo pia unavyokula nafasi, uzito na muda wa fundi.

Jiwe linalosagwa na kurudi kuwa jiwe

Malighafi kuu ya kazi hii ni plasta, ambayo hutokana na jasi, madini laini meupe au ya kijivu ambayo ndani yake kila chembe ya salfati ya kalsiamu imeshikana na chembe mbili za maji. Jasi ikichomwa kwa joto la takriban nyuzi 150 za Selsiasi hupoteza robo tatu ya maji hayo na kuwa rahisi kusagwa kuwa unga mweupe, na unga huo ukichanganywa na maji huyarudisha yale uliyoyapoteza, ukajenga upya fuwele ndogo ndogo zinazofumana na kuwa jiwe kwa mara ya pili. Kwa sababu jasi nyingi bora ilichimbwa tangu zamani katika kilima cha Montmartre na maeneo mengine ya Paris, unga huo ulipata umaarufu duniani kama plasta ya Paris.

Plasta isichanganywe na chokaa ambayo wakazi wa mwambao wa Afrika Mashariki wameitumia kwa karne nyingi kwa kuchoma mawe ya matumbawe. Chokaa hushika polepole kwa kufyonza hewa ya kaboni dioksidi, na ukuta wake unaweza kuchukua majuma au miezi kabla haujakomaa, ilhali plasta hushika kwa maji yenyewe na ndani ya nusu saa huwa imara kiasi cha kutolewa kwenye kalibu. Zaidi ya hayo, plasta inaposhika hutanuka kidogo sana, chini ya nusu ya asilimia moja, na utanukaji huo mdogo ndio unaoisukuma iingie katika kila ufa wa kalibu na kunakili hata alama ya mshipa wa mbao au ya kidole cha fundi. Wepesi wa kushika, uaminifu wa kunakili na bei nafuu ni sababu tatu zilizoifanya plasta ipendwe na watengenezaji wa mifano ya majengo kuliko vitu vingine vingi, ingawa ina udhaifu wake: haiyawezi maji, na ikiangushwa huvunjika.

Kutoka umbo mama hadi jengo zima

Kazi huanza kwa umbo mama, yaani sehemu ya kwanza inayotengenezwa kwa mkono ili nyingine zote zitokane nayo. Fundi anayetengeneza mfano wa jengo lenye madirisha 60 yanayofanana hachongi madirisha 60. Huchonga moja kwa uangalifu wote alio nao, akitumia mbao laini, udongo wa mfinyanzi, nta au plasta yenyewe, kisha humimina mengine kutoka kwenye kalibu yake. Ndiyo maana umbo mama hukaguliwa kwa ukali, kwani dosari ya nusu milimita kwenye kizingiti kimoja itajirudia mara 60, na macho ya mtazamaji, ambayo yangeisamehe mara moja, huiona papo hapo inapokuwa desturi ya ukuta mzima.

Wakati wa kulichonga umbo mama, fundi hufikiria tayari namna litakavyotoka kwenye kalibu. Kuta zake huinamishwa kidogo, kwa digrii mbili au tatu, ili zisisuguane na kalibu wakati wa kutolewa, na sehemu zilizobinukia ndani, ambazo zingenasa, hutambuliwa mapema. Kalibu ngumu ya plasta haiwezi kuvuka sehemu kama hizo isipogawanywa vipande viwili au zaidi, kila kimoja kikiwa na vishimo na vinundu vya kukifunga mahali pake. Katika karne ya 19 mafundi walipata nafuu kwa kutumia jelatini, gundi ya wanyama iliyoyeyushwa kwa moto na kuganda ikiwa laini, na leo nafasi hiyo imechukuliwa na mpira wa silikoni, ambao hunyumbuka, hutoka bila kung'ang'ania na hurudi katika umbo lake baada ya kuvutwa.

Kutengeneza kalibu ya silikoni ni kazi inayodai utulivu kuliko nguvu. Umbo mama hupakwa shelaki au maji ya sabuni ili lisinywe kitu, kisha hubandikwa katikati ya kisanduku ambacho pembe zake zimezibwa kwa udongo. Silikoni ya mwanzo hupakwa kwa brashi ili isiache mapovu kwenye nakshi, na inayobaki humiminwa kutoka kona moja kwa mchirizi mwembamba, ipande yenyewe na kuisukuma hewa mbele yake hadi umbo lifunikwe. Kwa kawaida huachwa hadi siku ya pili ndipo kisanduku kinapofunguliwa.

Umiminaji wa plasta, kinyume chake, hauna subira. Kwa kila gramu 100 za unga huhitajika takriban gramu 60 hadi 70 za maji, na sheria ya kwanza ni kwamba unga hunyunyizwa ndani ya maji, si maji juu ya unga. Mchanganyiko huachwa ulowe kwa dakika moja au mbili pasipo kuguswa, kisha hukorogwa taratibu kutoka chini, kwa sababu kukoroga kwa fujo huingiza hewa na kuharakisha kushika. Baada ya kumimina, fundi hugongagonga meza ili mapovu yapande juu, na plasta inapoanza kukaza hupitisha rula juu ya kalibu ili mgongo wa kipande uwe bapa. Kutoka hapo mkono ndio unaoongoza: plasta inayoshika hupata joto linalohisika wazi kupitia kalibu, na wakati mzuri wa kukitoa kipande ni pale joto hilo linapoanza kushuka, kwani kikitolewa mapema hupinda, na kikiachwa hadi kipoe kabisa ndani ya kalibu ngumu hung'ang'ania.

Sehemu ndefu zenye sura isiyobadilika, kama vile michirizi ya juu ya kuta na ngazi za msingi, hazihitaji kalibu ya kufunga. Fundi hukata kiolezo, yaani bati lenye ukingo uliochongwa kufuata sura inayotakiwa, hulipigilia kwenye kibao kinachoteleza kando ya meza, kisha huliburuta juu ya plasta mbichi mara kadhaa, kila mara akiongeza plasta, hadi sura itokee kamili kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kiolezo hicho hicho kikifungwa kwenye mhimili na kuzungushwa hutoa nguzo, kuba au msingi wa mnara. Mbinu hii ya kuburuta na kuzungusha inaonekana ndogo, lakini ndiyo iliyofungua mlango wa kazi ya Barcelona.

Plasta iliyovuka bahari

Kabla ya Barcelona, mji uliosifika kwa mifano ya plasta ulikuwa Paris, ambako Jean-Pierre Fouquet, na baadaye mwanawe François, walijipatia jina kwa mifano myeupe yenye nakshi nyembamba mno. Mwaka 1786 mfano wa Fouquet baba ulivuka Bahari ya Atlantiki kwa agizo la Thomas Jefferson, wakati huo mwakilishi wa Marekani nchini Ufaransa na baadaye rais, ambaye alikuwa ameombwa kupendekeza ramani ya jengo la serikali ya Virginia. Jefferson, akisaidiwa na msanifu Charles-Louis Clérisseau, aliliegemeza pendekezo lake kwenye Maison Carrée, hekalu la Kirumi lililoko Nîmes, na pamoja na michoro alituma mfano wa plasta wa skeli ya 1:60, akijua kwamba wajenzi wa Virginia hawakuwahi kuliona hekalu lenyewe na kwamba michoro pekee ingewaachia mengi ya kubahatisha. Mfano huo bado umehifadhiwa Virginia.

Mifano ya familia ya Fouquet ilikuwa na kazi nyingine pia, nayo ni kufundisha. Katika jumba la makumbusho la msanifu Sir John Soane lililoko Lincoln's Inn Fields, London, imo mifano 20 ya plasta iliyotengenezwa na François Fouquet, ambayo Soane aliinunua mwaka 1834, na ambayo inaonyesha majengo ya kale ya Wagiriki na Warumi yakiwa kamili, kana kwamba yamejengwa jana. Soane aliiweka mifano hiyo pamoja na mingine ya gome la mti wa koki inayoyaonyesha majengo ya kale yakiwa magofu. Koki, kwa ukwaruzo na rangi yake, ilifaa kuonyesha jinsi wakati ulivyoyala mawe. Plasta, kwa weupe na ulaini wake, ilifaa kuonyesha lile lililokusudiwa na msanifu wa kwanza. Mwanafunzi aliyeyatazama yote mawili kwa pamoja alijifunza kutofautisha hali ya jengo na wazo la jengo, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha kisa kinachofuata.

Karakana ya Gaudí

Jiwe la msingi la Sagrada Família liliwekwa tarehe 19 Machi 1882 chini ya msanifu Francisco de Paula del Villar, na mwaka uliofuata kazi ikakabidhiwa kwa Antoni Gaudí, kijana wa miaka 31, aliyeishikilia hadi kifo chake. Tangu mwaka 1914 hakushughulika na kazi nyingine yoyote, na katika miezi ya mwisho ya uhai wake alihamia kabisa ndani ya karakana yake kwenye eneo la ujenzi. Humo, pamoja na mafundi waliosimamiwa na mchongaji Llorenç Matamala, alikuza njia ya kusanifu ambamo mfano wa plasta haukuwa matokeo ya mchoro bali ulikuwa mahali penyewe pa kufikiri. Mifano mikubwa ilitengenezwa kwa skeli ya 1:25 na ya 1:10, na kwa skeli hii ya pili mtu aliweza kusimama chini ya kipande cha dari na kutazama juu jinsi mwanga ungeshuka.

Sababu ya Gaudí kuitegemea plasta inatokana na maumbo aliyoyachagua. Kwa ajili ya dari na madirisha ya ukumbi mkuu alitumia haipaboloidi, umbo linalopatikana pale mstari ulionyooka unapozungushwa kuuzunguka mhimili ambao hauukati wala hauendi nao sambamba; matokeo yake ni uso uliopinda, uliobana katikati na kupanuka juu na chini mithili ya kinu cha kutwangia, ingawa kila sehemu ya uso huo imejengwa kwa mistari iliyonyooka. Kiuno cha haipaboloidi Gaudí alikiacha wazi, kiwe tundu la kupitishia mwanga, na mbavu zake zilizopanuka zikausambaza mwanga huo darini. Umbo la namna hii ni gumu kulionyesha kwenye karatasi, kwa sababu mchoro bapa hauna namna nyepesi ya kuonyesha mahali nyuso mbili zilizopinda zinapokutana angani.

Kwenye plasta ugumu huo unatoweka. Fundi hufunga kiolezo kwenye mhimili na kukizungusha katika plasta mbichi hadi haipaboloidi itokee, na kwa kuwa uso wake una mistari iliyonyooka anaweza kuusahihisha kwa kupitisha rula tu. Umbo hilo hutengenezewa kalibu, humiminwa nakala nyingi, na kila nakala hukatwa na kuunganishwa na jirani yake kwa pembe iliyopangwa. Pale nyuso mbili zinapokutana, ukingo hutokea wenyewe. Hakuna aliyeuchora na hakuna aliyeukisia, kwa maana ni tunda la lazima la hesabu ya nyuso zenyewe. Nguzo za ukumbi zilipatikana kwa njia inayokaribiana na hiyo: sura yenye umbo la nyota huzungushwa kupanda juu kwa upande wa kulia, na sura ile ile huzungushwa kwa upande wa kushoto, kisha hubakizwa sehemu inayopatikana katika mizunguko yote miwili, hivyo nguzo huanza chini ikiwa na pembe chache na kuongezeka pembe kadiri inavyopanda, mpaka karibu iwe duara.

Ni muhimu kusema pia jambo ambalo mfano wa plasta hauwezi kulisema. Kusimama kwa mfano hakuthibitishi kwamba jengo litasimama, kwa sababu uzito na uimara havikui kwa kasi moja: jengo lililo kubwa mara 10 kuliko mfano wake, likiwa la malighafi ile ile, lina ujazo na uzito mara 1,000, lakini eneo la kukata la nguzo zake ni mara 100 tu, hivyo kila sentimita ya mraba ya nguzo hubeba uzito mara 10. Gaudí alilijua hilo, na kwa kanisa la Colònia Güell, nje ya Barcelona, alitumia mfano wa aina nyingine kabisa, wa nyuzi zilizoning'inizwa kichwa chini na kufungwa vifuko vya risasi vilivyowakilisha uzito wa jengo. Nyuzi zilizovutwa na uzito hujipanga zenyewe katika mkondo wa nguvu, na mkondo huo ukipinduliwa huwa njia sahihi ya tao la mawe, kwa kuwa sura yake haibadiliki skeli inapobadilika. Mfano wa nyuzi ulifundisha mahali nguvu zinapopita. Mfano wa plasta ulifundisha jinsi nyuso zinavyokutana na kuugawa mwanga.

Vipande vilivyosema

Gaudí aligongwa na tramu tarehe 7 Juni 1926 na kufariki siku tatu baadaye, akiwa ameuona ukikamilika mnara mmoja tu wa kengele, ule wa Mtakatifu Barnaba. Miaka kumi ikapita, na Julai 1936, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Hispania, kundi la watu liliingia katika eneo la ujenzi, likachoma kanisa lililo chini ya ardhi, likateketeza michoro na kumbukumbu za karakana, na likavunja mifano ya plasta. Michoro iliyoungua ilipotea moja kwa moja. Plasta, kwa kuwa haiungui kama karatasi, ilibaki ikiwa rundo la vipande.

Baada ya vita kumalizika mwaka 1939, wasanifu waliokuwa wanafunzi na wasaidizi wa Gaudí, wakiongozwa na Francesc de Paula Quintana, walianza kuvikusanya vipande hivyo, kuvitambua kwa msaada wa picha zilizokuwa zimechapishwa kabla ya maafa, na kuviunganisha upya huku mapengo yakijazwa kwa plasta mpya. Kazi hiyo ilikuwa na wapinzani wenye hadhi. Mwaka 1965 barua iliyochapishwa katika gazeti la La Vanguardia, ikiwa na saini za wasanifu na wasanii mashuhuri akiwemo Le Corbusier, ilitaka ujenzi usitishwe, na miongoni mwa hoja zake ilikuwa kwamba hapakuwa na nyaraka za kutosha kuifanya kazi iendelee kuitwa ya Gaudí.

Hoja hiyo ilistahili jibu la kitaalamu, na jibu lilitoka ndani ya plasta yenyewe. Haipaboloidi iliyo angani inaweza kuelezwa kikamilifu kwa namba tisa: tatu za mahali kilipo kitovu chake, tatu za mwelekeo wa mhimili wake na tatu za upana na mpanuko wake. Vipande vilivyosalia vilikuwa na kingo ambako nyuso mbili zilikutana, na hapa na pale vilikuwa na nukta ambako nyuso tatu zilikutana kwa pamoja. Nukta ya namna hiyo ni shahidi mwenye thamani kubwa, kwa sababu haiwezi kuwa popote isipokuwa mahali nyuso zote tatu zinapokubaliana. Mtafiti akizipima nukta za kutosha kwenye kipande kimoja anaweza kuzitafuta namba za kila haipaboloidi kwa kujaribu na kusahihisha, hadi nukta zilizokokotolewa ziangukie juu ya zile zilizopimwa, na akishazipata namba hizo amepata si kipande tu bali uso mzima, ukiwemo ule uliosagika kuwa vumbi mwaka 1936.

Msanifu kutoka New Zealand, Mark Burry, aliyejiunga na kazi hiyo mwaka 1979, alianza kuzitafuta namba hizo kwa mkono, kwa kuchora na kukokotoa pole pole, na baadaye, kompyuta zilipopata uwezo wa kutosha, kwa programu iliyotengenezwa kwanza kwa ajili ya wasanifu wa ndege. Chini ya uongozi wa Jordi Bonet, ambaye baba yake naye aliwahi kuusimamia ujenzi huo, maumbo yaliyosomwa kwenye plasta yalihamishiwa kwenye mawe na zege, na tarehe 7 Novemba 2010 Papa Benedict XVI aliuweka wakfu ukumbi ambao dari lake Gaudí hakuwahi kuliona isipokuwa kwa skeli ya 1:10. Kwa upande wa ukumbi huo, basi, hoja ya mwaka 1965 imejibiwa kwa ushahidi unaopimika. Haijajibiwa kwa usawa katika kila sehemu ya jengo, kwa kuwa Uso wa Utukufu, ambao ndio mlango mkuu, una mabaki machache zaidi, na hapo wasanifu wa leo wanalazimika kubuni zaidi ya kusoma. Tofauti hiyo inathibitisha kanuni: palipo na plasta ya kutosha pana uhakika, na palipo na plasta kidogo pana mjadala.

Karakana ya mifano ya Sagrada Família haijafungwa. Mashine za kuchapa maumbo, zinazojenga umbo tabaka kwa tabaka kwa kugandisha unga, ziliingizwa humo tangu mwanzo wa karne hii, nazo hufanya kwa saa kadhaa kile ambacho mkono ungekifanya kwa majuma. Hata hivyo, plasta bado inamiminwa kando ya mashine hizo, kwa sababu umbo lililochapwa linaweza kuwa umbo mama wa kalibu, na kalibu moja ikatoa nakala nyingi kwa gharama ndogo, na kwa sababu mfano unaoweza kukatwa, kukwanguliwa na kujazwa papo hapo humruhusu msanifu na fundi kusahihishana mezani bila kurudi kwenye skrini.

Stadi iliyo karibu

Kwa Afrika Mashariki, malighafi na stadi ya kazi hii haviko mbali. Jasi huchimbwa Makanya wilayani Same, Itigi mkoani Singida na katika maeneo ya Kilwa, na sehemu yake kubwa huenda kwenye viwanda vya saruji. Katika miji ya Tanzania na Kenya, mafundi wa jipsamu, kama wanavyojulikana mitaani, humimina plasta kila siku katika kalibu za faibaglasi na mpira ili kutengeneza mikanda na maua ya dari, na wengi wao hutandika nyuzi za katani ndani ya plasta kabla haijashika ili kipande kisivunjike kirahisi. Fundi anayejua kuutoa mkanda wa dari wenye nakshi bila kuuvunja ncha tayari anajua zaidi ya nusu ya kazi ya kutengeneza mfano wa jengo. Kinachobaki ni vipimo, skeli na mwenzi msanifu wa kufanya naye kazi. Vyuo vinavyofundisha usanifu majengo, kama vile Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Nairobi, vina nafasi ya kuzikutanisha pande hizo mbili, kwa manufaa ya mwanafunzi anayeujua zaidi uso wa skrini kuliko uzito wa umbo.

Yapo pia majengo yanayoingoja kazi hiyo. Nyumba za kale za Lamu zina zidaka, yaani safu za vidaka vilivyopangwa ukutani juu kwa juu na kupambwa kwa chokaa iliyochongwa, na kwa mtazamo wa kwanza zinaonekana kuwa kazi nyepesi ya kalibu moja na nakala nyingi. Uchunguzi wa karibu unaonyesha vinginevyo, kwa kuwa vilichongwa kwa mkono na kidaka kimoja hakilingani kabisa na cha jirani yake, na mfano utakaovifanya vyote kuwa sawa utasema uongo juu ya mkono uliovichonga. Fundi mwaminifu atapaswa kuchonga maumbo mama kadhaa, na kuandika wazi ni vidaka vipi vilivyopimwa na vipi vilivyokadiriwa. Wala si vyema kumimina silikoni au plasta moja kwa moja juu ya chokaa ya kale, ambayo hunyonya unyevu na kubanduka. Njia salama ni kuupima ukuta kwa mwali wa leza, kuchapa umbo mama kutokana na vipimo hivyo, na kalibu itokane na umbo lililochapwa. Upimaji wa namna hiyo si ndoto, kwani mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town umekwisha kuyapima kwa leza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara.

Haja ya kufanya hivyo ilijidhihirisha kwa uchungu Zanzibar tarehe 25 Desemba 2020, pale sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, ilipoporomoka na kuua watu. Jumba la namna hiyo, lililo katika Mji Mkongwe unaotambuliwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia, linastahili kuwa na mfano wa skeli kubwa uliotengenezwa sehemu kwa sehemu, ambao fundi wa kesho anaweza kuushika, kuufungua na kuupima anapotaka kujua nguzo ilikutana vipi na boriti.

Funzo la mwisho la Barcelona linahusu namna ya kuhifadhi. Uwezo mkuu wa kalibu ni kurudia: umbo mama moja linaweza kutoa mfano wa pili na wa tatu kwa gharama ya unga na maji tu. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mifano ya Gaudí ilikaa ndani ya karakana moja, na siku moja ya ghasia ilitosha kuifikia yote, na hesabu iliyoziba pengo hilo ikachukua miongo kadhaa. Taasisi yoyote itakayoanza kutengeneza mifano ya majengo ya urithi katika ukanda huu inapaswa, tangu kipande cha kwanza, kumimina nakala ya pili, kuandika mgongoni mwake skeli, tarehe na vipimo vilivyoizaa, na kuipeleka kuhifadhiwa katika mji mwingine.